Vibofu vya Njia ya Mabira

Mke wangu alipougua aliukataa mto wa sponji niliomnunulia sokoni Nkwenda. Alisema unampa joto kichwani. Alitaka kama ile mito ya kwao, iliyojazwa sufi ya mmea fulani wa porini wenye vibofu.

Niliamini naufahamu. Tulipokuwa wachumba tuliukuta kwenye njia ya Mabira, akabinya kibofu kikapasuka, mbegu zikaruka na nyuzi zake nyeupe. Vibofu vya kijani, vya duara, vyenye vinywele laini. Hivyo ndivyo nilivyokwenda kuvitafuta.

Ilikuwa wakati wa mvua. Nilishuka malishoni mara tatu. Kulikuwa na mimea iliyonifika kifuani, majani membamba, maua meupe yenye zambarau yameinama. Niliipita. Mara moja niliushika mmoja nisiteleze, ukavunjika, ukanitia utomvu mweupe mkononi. Nikaufuta kwenye suruali.

Nyumbani nikamwambia, "Haupo tena. Ng'ombe wameumaliza."

"Ng'ombe hawauli ule."

"Basi watu wameukata."

Akanitazama kidogo. "Haya," akasema.

Tulimzika nyuma ya nyumba, migombani. Kiangazi kilipoingia dada yake alikuja kunisaidia kukata nyasi za kutandaza shambani. Tukashuka kule kule malishoni. Mimea ile ilikuwa imejaa vibofu.

"Shemeji, mbona umesimama? Nyasi zimekusalimia?"

Nikamuuliza ule mmea umeota lini.

"Huo? Si mahindi huo, uote upya kila mwaka. Unakaa tu. Ukiukata unachipua."

"Maua yake yakoje?"

"Yanainama. Kama wewe siku ile ulipokuja kuposa kwetu."

Alicheka peke yake. Nikavunja kijiti. Utomvu ukatoka, mweupe kama maziwa, na majani yalikuwa yale yale membamba. Tukafunga mizigo ya nyasi, nikambebesha wake, nikabeba wangu.

Hata ningeutambua siku zile, sufi isingekuwa imekomaa, na mto usingepatikana. Hilo nalijua, na halinisaidii. Yeye hakuwa akingoja mto tu. Alitaka kujua kama mmea ule bado upo, nami niliyekuwa nimeushika kwa mkono wangu nikamwambia haupo.