Bernadeta na Kanga wa Kibamba

Siku Bernadeta alipokuja kwenye matenga yangu ya kuku Manzese, nilimwona ni mteja msumbufu tu. Anashika kuku, anapuliza manyoya ya tumboni, anamrudisha, anashika mwingine.

"Shikamoo mama. Unataka wa mchuzi?"

"Marahaba. Nataka mtetea anayeatamia. Na wewe unayefuata kuku mpaka Chalinze, uniletee mayai ya kanga wa porini."

"Ukayakaange?"

"Nawarudisha kanga Kibamba."

Nilicheka peke yangu. Alikuwa Mmakonde wa Newala, mjane, mkunga wa kijiji cha ujamaa cha Kibamba, na amelima huko tangu kabla ya uhuru. Zamani hizo kanga walitoka msituni makundi kwa makundi. Mitego ikawamaliza.

"Tumewala sie," alisema, "tutawarudisha sie."

Mie hoteli za mjini zilikuwa zinanisumbua zikitaka kanga. Nikamwambia mitetea na mayai natoa, kanga wakikua nusu yangu. Akasema robo. Tukavutana mpaka wateja wengine wakaondoka, nikakubali robo.

Vifaranga aliwalea vizuri, akiwaita kula kwa kugonga debe. Walipokua akawaachia msituni. Siku chache baadaye balozi wa nyumba kumi akagonga debe kuita watu kwenye shamba la kijiji. Kanga wakafika kabla ya watu.

"Ndugu wanachama, hawa wamewahi kuliko nyie!" mtu akapiga kelele. Watu wakacheka sana, kisha wakawakimbiza. Mchana vyungu vilikuwa motoni.

Bernadeta akarudi Manzese. Nikamwambia aache.

"Nipe mitetea wengine."

"Na robo yangu iliyoliwa na kijiji kizima?"

"Safari hii chukua nusu. Umenyamaza sasa?"

Nikamfungia mitetea na mayai.

Safari hii hakugonga kitu, hakuita. Aliwaweka mitetea na mayai yao pembeni mwa msitu ndani ya boma la miiba, anawamwagia mchwa, anaondoka kabla vifaranga hawajamzoea. Kicheche akala mtetea mmoja. Akahamisha boma, akaongeza miiba. Vifaranga walipoanza kuruka, akafungua boma. Mitetea wakarudi nyumbani, kanga wakabaki msituni. Kisha akasimama mkutanoni.

"Atakayetega kanga, mkewe akishikwa na uchungu asinigongee mlango."

"Mama Bernadeta, huo si utani?" mwenyekiti akauliza.

"Jaribu, ndugu mwenyekiti. Mkeo ana miezi mingapi?"

Mitego ikang'olewa.

Mvua zilipokatika nilikwenda na matenga matupu kuchukua nusu yangu. Tulipokaribia kichaka, kundi zima likaruka kwa kishindo, likapotelea msituni. Bernadeta akanyoosha mkono.

"Nusu yako ile. Chukua."

"Nitawakamataje?"

"Hilo hatukupatana."

Akacheka mpaka akakaa chini. Mie nilikaa pia, maana kutoka Manzese kwa baiskeli si mchezo.

Basi, nilikosa kanga, na mitetea waliobaki walikuwa wamechoka, hawafai hata kuuzwa. Yeye kanga amewapata: wanazaliana, na kila akipanda kunde wanafukua mbegu, anapanda upya huku anawatukana. Ila wanawake wa Kibamba walikuwa wameona natoa kuku wangu mara mbili. Tangu mwaka ule mchuuzi mwingine akipita kutaka kuku wao, wanamwambia wameshauzwa, wananiwekea mie.