Sauti Iliyomwita Papa

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Kabondo ukisikia jina lako likiitwa na humwoni anayekuita, ulifunga mdomo. Koko, mama yake papa, yaani baba yetu, alitufundisha hivyo hata kabla hatujajua kusali. "Ile haiko mutu, iko maji," alisema. "Ukiitika, inakamata mutu ya nyumba yako." Sisi tulikuwa watoto wa wavuvi wa maporomoko, hatukuuliza zaidi. Mama akitaka kunituma, alinifuata mpaka nimwone uso. Usumbufu gani huo, jamani, lakini tuliuzoea.

Basi papa akaitika.

Ilikuwa asubuhi, ukungu umefunika maporomoko, naye yuko juu ya miti iliyosimikwa majini anavuta kikapu cha kunasia samaki. Akasikia, "Musa!" Kisha tena, "Musa!" Akageuka, hakumwona mtu. Akasema, "Niko hapa, Bwana." Alirudi nyumbani bila samaki, macho mekundu, akatuambia Mungu amemwita aanzishe kanisa.

Koko alikuwa anatwanga pondu, majani ya muhogo. Akaweka mchi chini.

"Nani alikuita?"

"Mungu, mama."

"Ulimuona?"

"Mungu haonekane."

"Alors, kwa nini uliitika?"

Papa alicheka. Koko hakucheka. Alitushika mikono, mimi na mdogo wangu Dodo, akatutazama mmoja mmoja kwa muda mrefu. Niliogopa sana, nikajificha kwa mama.

Kanisa lilianzia uani kwetu: turubai moja, viti vya kuazima na ngoma iliyopasuka. Kwa miezi tulikuwa sisi wenyewe, majirani wawili na mbuzi wao. Papa alihubiri kana kwamba amejaza uwanja wa mpira! Nilimpenda mno siku hizo. Alisema kuogopa sauti ni mambo ya giza, na Koko, aliyekaa benchi la nyuma, aligeuza uso.

Mvua zilipoanza, Dodo akashikwa na homa. Tulimpeleka hospitali, akaongezwa damu, papa akafunga na kuomba. Mtoto akatutoka mchana, jua likiwaka. Koko hakusema neno. Hilo ndilo lililomuumiza papa. Angemtukana ingekuwa afadhali.

Baada ya matanga, Jumapili ya kwanza, watu walijaa uani mpaka barabarani. Nilidhani wamekuja kutufariji, nikafurahi. Kisha kwenye foleni ya bomba nikamsikia mama mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Pasta ule iko na nguvu. Alitoa mutoto yake."

Unaona? Walidhani papa amemtoa Dodo ili kanisa lijae, na ndiyo maana walikuja. Waliitaka nguvu hiyo. Papa alijua. Aliwahubiria hivyo hivyo, angefanya nini? Angewafukuza watu wa Mungu? Turubai likawa mbao, mbao zikawa matofali, na kila tofali lilinichoma.

Miaka yote aliendelea kuhubiri kwamba maneno ya Koko yalikuwa ujinga. Lakini mimi niliishi naye. Shemasi akimwita kutoka nje, "Pasta!", papa alinyamaza. Aliinuka, akachungulia dirishani, akauona uso, ndipo akajibu. Watu walisema amekuwa kiziwi. Kiziwi wapi!

Mwaka jana, alipokuwa mgonjwa wa kitanda, nilikuja kutoka Opala na wanangu wawili. Nikaita mlangoni, "Papa!" Kimya. "Papa, iko mimi!" Kimya. Nikajua nimechelewa. Nikaingia, nikainama karibu naye mpaka akaniona. Alikuwa macho muda wote.

"Ah, iko wewe," akasema, na machozi yakamtoka.

Nani alimwita pale maporomokoni, sijui. Niliwahi kumkasirikia Koko, kisha papa, kisha Mungu mwenyewe. Siku ile hasira ilikwisha, ikabaki huruma tu, kwa sababu niliona kwamba papa alijenga kanisa zima lile na bado hakuwa na hakika ni nani aliyemwita.

Sasa papa hayupo, nami nimerudi kukaa Kabondo. Kanisa lipo, linajaa. Jumapili nakaa benchi la nyuma, pale pa Koko, wanangu huku na huku. Pasta mpya hupaza sauti kwamba Bwana anaita, ni nani ataitika? Watu wote husimama, mikono juu: "Niko hapa!"

Mimi nawashika wanangu, nafunga mdomo.