Nozeli Nilizozitia Tindikali

Siku yangu ya kwanza katika gereji ya malori ya pamba, mjini Shinyanga, sikuruhusiwa kushika spana. Fundi Mkuu, Mzee Masanja, alinikalisha mbele ya beseni la dizeli lenye nozeli sita, vile vifaa vinavyopulizia mafuta ndani ya silinda, akaniambia nizisugue. Ncha zake zilikuwa zimeganda kaboni, yaani masizi magumu ya mafuta yasiyoungua vizuri. Nozeli ikiziba hivyo, gari linatoa moshi mweusi na kukosa nguvu mlimani.

Kazi ile ilitaka subira, nami sikuzaliwa nayo. Unaloweka nozeli kutwa nzima, unapiga brashi ya waya wa shaba, kisha unazibua vitundu kwa sindano nyembamba. Mwisho unaifunga kwenye pampu ya kupimia na kuitazama: mafuta yatoke kama ukungu, yasidondoke hata tone. Bila kipimo hicho, Mzee hakukubali nozeli irudi kwenye injini.

Miaka ikapita, tukahamishiwa wote wawili tawi la kampuni huko Geita. Sasa nilikuwa fundi kamili, mwenye mapacha nyumbani na kiburi cha kutosha. Jirani yetu alikuwa mnunuzi wa dhahabu, na nilizoea kuona tindikali yake ikila uchafu wote na kuacha dhahabu inang'aa. Nikajiona nina akili kuliko mwalimu wangu. Siku moja Mzee alipokwenda kliniki, nikaomba tindikali kidogo, nikatumbukiza nozeli za gari la wafanyakazi. Kaboni ikabanduka, zikatoka nyeupe pe. Kumbe tindikali ilikuwa imekula na chuma, ikapanua vile vitundu. Hilo sikulijua, kwa sababu sikupima. Nikazifunga.

Mzee aliporudi alishika fomu ya kazi, akaniuliza, "Umepima, Baba Kulwa?"

"Nimepima, mzee."

Akasaini.

Gari lilifia njiani kuelekea Rwamgasa. Mafuta yalikuwa yakidondoka badala ya kupulizwa, yakatoboa pistoni. Meneja wa Tawi alituita ofisini, akaziweka nozeli mezani, akataka kujua nani alihusika. Mzee alinitazama mara moja, akasubiri. Mimi nikatazama sakafu.

"Sahihi ni yangu," akasema. "Nilitakiwa kupima mwenyewe."

Aliachishwa kazi siku hiyohiyo. Wiki iliyofuata nikapewa cheo chake, nikakipokea. Naona aibu kuandika hivyo, lakini nilikipokea kwa mikono miwili, nikakikalia mpaka nastaafu. Mafundi niliowaongoza husifu ukali wangu kwenye vipimo. Hawajui ulikotoka.

Nilipostaafu nilimfuata kijijini kwao Songwa, maneno ya kuomba radhi nimeyapanga safari nzima. Nilimkuta uani, macho hayaoni vizuri. Nilipomwamkia shikamoo aliitambua sauti yangu, akamwita mkewe.

"Mama Nkwimba, njoo umwone Baba Kulwa. Katika wote niliowafundisha, huyu ndiye pekee aliyekuja."

Mama akaniletea maziwa ya mgando, akanishukuru kwa kutomsahau mumewe. Nikanywa maziwa yote, nikauliza habari za mvua, nikaaga, yale maneno niliyoyapanga nikarudi nayo.