Binti yetu alianza kuona watu wawili wawili baada ya sisi "kuacha" dawa za kifafa

Wakuu, salamu kutoka Bunia.

Haya yalinitokea mimi mwenyewe. Nikitia chumvi mahali, mke wangu atanisahihisha, maana naye anasoma humu kimyakimya.

Mimi ni mwalimu wa hesabu shule ya msingi, naishi mtaa wa Saio. Tuna binti mmoja, Furaha, miaka saba, mwenye maneno kuliko mama yake. Nimeshasema.

Mwaka jana alianguka darasani. Mwili ukakakamaa, akatupa mikono na miguu, povu mdomoni. Watoto wote wakakimbia, na mwalimu wake akakimbia mbele yao. Hospitali wakasema ni kifafa, wakatupa pakiti mbili za vidonge: kimoja asubuhi, kimoja jioni.

Vidonge vilisaidia, ila vilimfanya asinzie hovyo. Mtoto anasinzia na kijiko mdomoni.

Basi kanisani, mama shemasi anayeongoza kikundi cha maombi akatupangia programu ya siku ishirini na moja. Masharti yake: imani haichanganywi na vidonge. Tukakubali mbele ya watu, mikono juu. Mke wangu akaenda kutupa pakiti moja chooni, mimi nyingine.

Wiki mbili zikapita, Furaha hajaanguka hata mara moja!

Jumapili tukaenda mbele kutoa ushuhuda. Nilihubiri, wakuu. Mpaka mchungaji mwenyewe alitazama saa. Watu wakapiga makofi na vigelegele, mke wangu akalia machozi ya kweli.

Baada ya hapo ndipo mambo yakaanza.

Furaha akawa anamwaga uji pembeni ya kikombe. Anayumba kama katoka kwenye pombe. Daftari lake la hesabu likajaa upuuzi: nimechora maembe matatu, yeye anaandika sita. Nikamgombeza, nikamwandikisha zoezi lote upya. Hilo linaniuma hadi leo.

Siku moja akaniangalia, akasema, "Papa, juu ya nini muko wawili?"

Nikacheka. Nikamwambia mmoja anatosha, aulize mama yake.

Kicheko kiliisha siku tulipokuwa tunavuka barabara pale Shari. Pikipiki ikaja, mimi nikaruka, yeye akabaki amesimama katikati. Dereva alimkwepa kwa bahati tu, akatutukana mpaka akapotelea kwenye kona. Nilipomuuliza mtoto kwa nini hakukimbia, akajibu, "Niliona moto mbili. Sikujua nikimbie gani." Moto kwetu ni pikipiki.

Wakuu, niliogopa kuliko siku ile ya kwanza alipoanguka. Kifafa nilishaanza kukizoea. Lakini mtoto awe kipofu? Nilimbeba mgongoni, nikampitia mama yake sokoni, tukaenda hospitali.

Daktari, dada mmoja kijana, akamwambia Furaha afuate kidole chake. Macho yalikuwa yanarukaruka. Akatugeukia.

"Mutoto anakunywaka dawa?"

"Tuliacha," nikasema.

"Tuliacha," mke wangu akasema.

"Mulikuwa wawili kuacha, lakini haya macho inaonesha dawa imepita kipimo." Akainama kwa Furaha. "Mama mudogo, nani anakupatiaka dawa?"

Furaha akamtazama mama yake. Akanitazama mimi. Akabana midomo.

"Walinikataza kusema."

"Nani?"

"Wote."

Mke wangu ndiye aliyeanza, anaangalia sakafu. "Mi namupatiaka mu uji, asubuhi. Jioni wakati wa kumuogesha."

Nami ikabidi niseme. Pakiti yangu sikuitupa, niliificha kwenye boksi la chaki. Asubuhi nampa ndani ya ndizi tukienda shule, jioni tukifanya masomo.

Mwalimu wa hesabu huyo.

Daktari alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaacha kucheka, akatugombeza kama wanafunzi. Kwamba dozi mara mbili ingeweza kumuua. Kwamba kukatisha ghafla nako kungeweza kumuua, na hapo imani yetu haba ndiyo iliyomwokoa.

Walimlaza siku tatu. Macho yakarudi polepole, na wiki iliyofuata akasoma ubao wote bila kukosea. Niligeuka dirishani nikalia. Kifafa bado humshika mara mojamoja, tunamlaza ubavu na kumngojea. Kwa ajili ya ule usingizi, daktari alipunguza dozi kidogo.

Tukarudi mbele ya kanisa kusema ukweli, mimi na mke wangu. Safari hii hotuba ilikuwa fupi. Hakuna aliyepiga makofi. Mama shemasi alifungua Biblia akaanza kusoma peke yake.

Nje, mama mmoja aliyehamia mjini kutoka Djugu akanivuta kando. Najua mwanawe naye huanguka. Akafungua fundo la kitenge chake, vidonge vimo.

"Mwalimu, wangu namupatiaka mu maharagi. Baba yake hajue. Sasa umenitia woga. Uniulizie kama na yeye anamupatiaka."

Nikamtafuta mumewe palepale, alikuwa anaongea na wanakwaya. Nikamuuliza kiungwana, kwa kuzunguka.

Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Mwalimu," akaninong'oneza, "tafazali, usiambie bibi yangu."

Kesho yake asubuhi niliwashika mikono wote wawili, nikawapeleka kwa yule daktari.

Kwa hiyo, wakuu, somo langu: ombeni, mimi bado naomba. Ila dawa ya mtoto iwe mezani, na ijulikane nani kampa. Dawa ikimletea shida, anayepaswa kuambiwa ni daktari.

Mwenye mtoto wa hivi aweke uzoefu wake hapa chini. Na kama mke au mume wako naye yuko humu, mwite asome kwanza.