Mfuaji wa Nguo za Altare na Kijiji Kilichofukiwa

Alizaliwa mlimani, katika kijiji kilicho mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka wilayani, mtoto wa sita wa mpasua mbao na mkunga. Aliitwa Mfuaji kwa kuwa, alipofiwa na mume akiwa na miaka thelathini na mmoja, alijitoa kufua nguo za altare kwenye chemchemi iliyo juu ya kanisa. Hakuweka nadhiri wala hakuvaa vazi la kitawa.

Tarehe tisa Machi, saa nane mchana, baada ya mvua ya siku kumi na moja, mlima uliporomoka ukafukia kijiji chote. Walikufa watu mia mbili na sita. Walisalia kumi na tisa waliokuwa wameshuka sokoni, na Mfuaji, aliyeonekana akipanda kutoka wilayani, viatu mkononi. Alikuwa ameondoka jana yake alfajiri bila kumuaga mtu.

Hapo maneno yakaanza. Mshonaji aliyepoteza watoto watatu alimkabili mbele ya wote: "Miaka yote hukuwahi kutoka hapa. Iweje siku ile tu? Ulijua nini?"

"Nilikwenda wilayani, mwanangu. Zaidi ya hapo usiniulize."

Jibu hilo lilimmaliza. Kambini watu walihamisha mafiga yao mbali na hema lake, na chai yake hakuna aliyeionja. Padri aliyetumwa kumhoji, ndiye mwandishi wa habari hizi, alimdhania mchawi akamnyima komunyo miezi minane. Mfuaji alikaa benchi la nyuma, hakunung'unika. Maiti zilipofukuliwa, aliziosha yeye, watoto wa mshonaji wakiwemo, akimwita kila mmoja kwa jina.

Aliishi akinong'onwa hivyo miaka kumi na minne, akafa kwa homa ya mapafu. Mazikoni tulifika wanane. Karani wa wilaya, mdogo wake mshonaji, alipiga magoti kando ya kaburi.

"Alinijia ofisini," alisema. "Akasema chemchemi imegeuka tope, ukuta wa kanisa umepasuka, na mwenyekiti wa kijiji amemfukuza. Nikamwambia asubiri, bwana mkubwa wa wilaya atarudi kesho. Akalala barazani. Bwana mkubwa hakuja. Baadaye nilitaka kusema, akanikataza: 'Watakuua, na dada yako atabaki na nani?' Nami nikanyamaza, maana ilinifaa."

Mshonaji alimshika ndugu yake kwapani akamwinua.

Wapo wasemao wamepona miguu kwa udongo wa kaburi lile. Tumewahoji, hatujaridhika. Tunachoshuhudia ni kwamba siku ile hakuna aliyemwinulia karani mkono kumpiga.

Mwigeni mama huyu, ndugu waamini, wala msiniige mimi. Nimekwenda kaburini mara nyingi kumwomba radhi, na bado sijui kama amenisamehe.