Rambirambi Zangu Mwenyewe

Nichekeni tu, maana mpaka leo nikipita mbele ya ile kampuni ya mikopo hapa Sib navuta mtandio hadi puani.

Zamani nilikopa pale nimuozeshe mdogo wangu Khalfan (wazee wetu walikufa nikiwa darasa la sita, nikaacha skuli, nikamlea kwa mikate ya ufuta ninayopika nyumbani), na kwenye mkopo wakanibandikia bima, eti bila hiyo sipati kitu: nikifa au nikiachishwa kazi, bima inalipa deni. Sasa niambieni, mimi napika jikoni kwangu, nani wa kuniachisha? Deni nikalimaliza, ndipo jirani akaniambia bima ile haikuwa ya lazima, watu wanadai na wanarudishiwa pesa zao.

Basi nikaenda. Wakanipa fomu ya Kiarabu, kama ofisi zote za huku, kurasa nne. Kiarabu nakisema, kukisoma ndiyo tabu. Ningemwita Khalfan, anakaa Hail, robo saa tu kwa gari, ila miezi mitano hajanitia machoni, nikipiga simu ni "Dada, niko kazini, nitakupigia," nikaona haya kumsumbua. Badala yake nikamchungulia mama aliyekaa ubavuni mwangu, kila alipotia alama na mimi nikatia, kama mtihani wa skuli. Jina langu tu na namba ya Khalfan, jamaa wa kupigiwa, ndivyo nilivyoandika kwa akili yangu.

Kijana wa dirishani akaisoma, akaipeleka ndani, akarudi mkono kifuani. "Ahsana Allahu azaakum, khalati," yaani pole kwa msiba, mama. " Mola amrehemu Bi Zuwena."

Bi Zuwena ni mimi. (Yule mama, kumbe, ni mjane, anadai bima ya marehemu mumewe, na alama nilizoiga ni za kifo.)

Hapo ndipo ningesema. Sikusema, nikaogopa watajua sijui kusoma fomu, nikainamisha kichwa kama mfiwa, na ukumbi mzima ukanijia, huyu ananishika mkono, yule ananiletea maji, mjane ananikumbatia: "Lia, mwanangu, usijikaze." Nikalia kweli, jamani. Walipokufa wazee nilikuwa jikoni nawapikia wageni kahawa, hakuna aliyenikumbatia.

"Nani wako huyo Zuwena?" mjane akaniuliza.

"Dada yetu. Mkubwa wetu."

"Alikuwa mwema?"

"Alijitahidi."

Mara mlango ukasukumwa, Khalfan huyo, kichwa wazi, kandambili moja nyeusi na moja ya mkewe. Walimpigia kutoka ndani kumtaka cheti cha kifo.

"Dada! Wamenambia umekufa!"

Mjane akaniachia mkono kama kashika moto. Kijana akatazama fomu, akanitazama mimi. "Khalati, marehemu ni wewe?"

"Ndiye mimi," nikasema. Ningesema nini?

Khalfan alikaa sakafuni palepale, analia na kucheka. "Kwa nini hukuniita?"

"Nilikuita siku ya Idi. Ulikuwa kazini."

Aliinuka. Aliomba fomu mpya, akanisomea mstari kwa mstari, na baada ya wiki kadhaa walinirudishia changu.

Nimeapa sitii alama tena mahali nisipopaelewa. Khalfan anakuja kila Ijumaa kunisomea karatasi zangu, na zikiisha namtolea hata bili ya maji, ambayo naielewa vizuri tu, na kumwambia asome polepole.