Kosa Lisilo na Mwenyewe

Wiki hii nilikaa kwenye benchi la hospitali moja hapa Kolwezi, nikisubiri kupimwa shinikizo la damu. Mlango wa munganga, yaani daktari, ulikuwa wazi. Alikuwa akiwaambia mume na mke majibu ya mtoto wao mchanga: ana kromosomu moja ya ziada, ule uzi mdogo unaobeba urithi mwilini. Dada wa mume, aliyekuwa amekaa nao, hakungoja amalize.

"Kwetu hatuna mutu wa hivi," alisema, akimtazama wifi yake.

Munganga alipachanisha vidole vya mikono yake miwili, kisha akaanza kuvitenganisha polepole.

"Mama, yai na mbegu zikitengenezwa, kromosomu zinagawanyika hivi. Kila mara zinachanganyika upya, ndiyo maana batoto ba nyumba moja habafanane. Lakini kuko wakati kromosomu mbili zinakatala kuachana." Vidole viwili vilibaki vimeshikana. "Hapana mutu mwenye kosa."

"Basi ni vumbi ya mine," dada alisema, akionyesha dirishani upande wa mgodi.

"Inafikaka hata kwenye hakuna mine, mama."

Dada alimgeukia kaka yake. "Sasa tutamushitaki nani?"

Nilimwelewa. Mji huu wa migodi umetuzoeza kutafuta mkosaji, maana mara nyingi yupo. Ukiambiwa safari hii hayupo, hujui uupeleke wapi uchungu wako.

Mama wa mtoto alikuwa amefumba macho. Mume ndiye aliyesimama, akamtoa mtoto kifuani kwa mkewe, akamweka mapajani mwa dada yake.

"Yaya, dada yangu, mushike. Mama yake hajalala."

Dada alimpokea akiwa bado amekunja uso, akamfunika miguu.